Wimbo Ulioachwa Mlangoni

Mlango ulibishwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Januari, saa ya chai ya jioni, Tamsin akiwa anapaka siagi kwenye mkate. Ulibishwa taratibu, kwa vidole vilivyokunjwa, kama anavyobisha mtoto aliyefundishwa adabu. Nje giza lilikuwa limeshaingia, maana katika nchi ile ya kinamasi giza la Januari halimngoji mtu amalize kazi zake. Ivor, mumewe, akainuka akafungua, akatazama huku na huku.

"Nani?" Tamsin aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Watoto wa akina Gotobed hao. Waambie nitawafuata kwa mama yao."

Ivor hakucheka. Alikuwa ameinama anatazama kizingiti. "Pamelowa hapa," alisema. "Na leo mvua haijanyesha."

Hawa wawili walikuwa na bendi. Iliitwa Koti la Mjomba, na kama hujawahi kuisikia usijilaumu, kwani hata pale kijijini Thornmere walioisikia walikuwa wa kuhesabu. Tamsin aliimba, Ivor alipiga gitaa na kushughulika na mitambo, na rafiki yao Judd, ambaye mchana aliendesha lori la viazi, alipiga ngoma. Muziki wao ulikuwa ule mwepesi wa vijana wa siku zile, lakini nyimbo nyingi waliziokota kwa wazee: nyimbo za wavunaji, za wachunga farasi, za watu waliokufa maji. Walikuwa wakizifupisha, wakiziongeza mwendo, wakizivisha gitaa. Walipokwenda kupiga London, juu ya baa moja, watu waliokaa kuwasikiliza walijaa meza mbili, na mmoja wao, alivyosema Judd, alikuwa anatafuta choo tu.

Ivor ndiye aliyeumia zaidi kwa kutojulikana huko. Tamsin aliona ni sawa tu. Yeye alitaka kuimba, na jioni arudi nyumbani amkute Ivor anasugua nyuzi za gitaa na kulalamika kuhusu baridi. Hakuwa na tamaa nyingine.

Wimbo uliowaletea mambo waliupata kwa Shangazi Keziah. Alikuwa dada wa babu yake Tamsin, lakini kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, kilimwita shangazi. Walikwenda jikoni kwake wakati wa mavuno ya tufaha, Ivor akaweka kinasa sauti mezani kati ya sukari na maziwa, bibi akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akafumba macho, akaimba.

Ulikuwa wimbo wa binti aliyezama mferejini. Anatoka majini na kwenda kubisha nyumba za watu. Anabisha kwa mhunzi, mhunzi anasema moto wake umezimika. Anabisha kwa msaga unga, huyo anasema kinu kimelala. Mwisho anabisha kwa mama yake mzazi, na mama hamtambui, anadhani ni upepo. Na kila anapokataliwa binti anaimba:

*Nywele zangu zadondoka, nifungulie,*
*maji haya yana baridi, nifungulie.*

Basi, wimbo ukaishia hapo, binti akiwa bado amesimama mlangoni kwa mama yake. Keziah akanyamaza, mikono ikiwa bado mezani. Ivor akabonyeza kitufe, tak, mashine ikasimama.

"Ahsante sana, Shangazi! Umetupa lulu," alisema, akaanza kukunja waya.

Keziah alifumbua macho. Midomo yake ikatembea, akasema jambo fulani kwa sauti ya chini, sauti ya kawaida ya kuongea. Lakini birika lilikuwa linapiga mbinja na Tamsin ameshaliendea, na kiti cha Ivor kilikuwa kinalia kwenye sakafu.

"Unasemaje, Shangazi?" Tamsin aliuliza.

"Nimeshasema," bibi alijibu, akavuta kikombe chake. "Wala sikuwa nasema na ninyi."

Wakacheka. Wakanywa chai.

Waliporekodi, katika ukumbi wa kanisa dogo ambao Judd alikuwa na ufunguo wake, wimbo ule uliwasumbua mwishoni.

"Unaishia hewani tu," Judd alilalamika. "Kama ngazi isiyofika darini. Watu watadhani sahani ya santuri imekwaruzika."

"Basi hatuumalizi," Ivor alisema. "Tunarudia kibwagizo, tunarudia, halafu tunauzamisha."

Akaweka kidole kwenye mtambo, akaishusha sauti polepole huku Tamsin akiimba *nifungulie, nifungulie*, hadi ikawa nyembamba, ikawa kama ya mtu anayeondoka gizani, ikapotea. Ilipendeza. Hata Judd alisema nywele zimemsimama. Mwezi wa Desemba sahani zikafika ndani ya maboksi, wakauza walizoweza kuuza. Wiki hiyohiyo Shangazi Keziah alipigwa na kiharusi, maneno yakamtoka kinywani yote, akapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Na Januari mlango ukabishwa.

Ukabishwa tena kesho yake, na siku zilizofuata. Tamsin alipofungua palikuwa na kizingiti kilicholowa tu. Lakini Ivor aliposikia, aliinuka kama mtu aliyeitwa kula. Aliacha kikombe, aliacha sentensi katikati. Mara ya kwanza alifika mlangoni. Baadaye akafika getini. Baadaye akavuka barabara, akasimama upande wa pili akitazama kule uliko mfereji mkuu, ule ulionyooka kama rula kutoka kijijini hadi baharini.

"Ulikuwa unafanya nini kule?" Tamsin alimuuliza.

"Kule wapi?" alisema, na uso wake ulionyesha kwamba hadanganyi.

Kwenye mazoezi, Judd aliacha kupiga ngoma ghafla akainua vijiti vyake juu, mikono yote miwili, kama mtu aliyenyooshewa bunduki. Mapigo yakaendelea. Taratibu, kwa vidole vilivyokunjwa, kwenye mlango wa ukumbi.

"Si mimi ninayepiga," Judd alinong'ona. "Tam, niambie kuwa wewe unasikia."

"Nasikia."

Ivor alikuwa ameshaweka gitaa chini, anavaa koti. Wakamshika wote wawili. Alikuwa mwembamba yule, lakini siku hiyo Judd wa magunia ya viazi alitoka jasho.

Kisha ikaja siku ya dukani. Tamsin alikwenda kununua maziwa, akachelewa kidogo kwa maongezi, na aliporudi mlango ulikuwa wazi, birika limekaukia motoni, na Ivor hayupo. Alikimbia bila kufunga koti. Alimkuta kwenye mfereji mkuu, amesimama majini, maji yamempita mapaja, anatembea polepole kuelekea katikati. Mkono wake wa kulia alikuwa ameunyoosha upande, umeshuka chini kidogo, vidole vimekunjwa, vile mtu anavyomshika mkono mtoto wanapovuka barabara.

Tamsin hakuita. Aliingia majini na viatu vyake, akamkamata ukosi.

"Anauliza kama mlango unaofuata ndio wenyewe," Ivor alimwambia, kwa upole, bila kugeuka. "Sijui nimjibu nini, Tam. Anauliza kila siku."

Usiku ule alimfunika mablanketi yote ya nyumbani, na miguu yake haikupata joto. Tamsin alikaa kitako kitandani akiwa amemshika. Sasa alijua kinachodaiwa. Siku moja angechelewa dukani kidogo zaidi, na huyu mtu wake angekwenda mkono kwa mkono na yule wa majini, wala asingegeuka.

Jumapili mchana alimwacha Ivor chini ya ulinzi wa Judd, akaenda kwenye baa ya kijiji, ambako wazee wachache waliobaki walikuwa bado wanakutana na kuimba. Alimwendea mzee Enoch Larter, aliyekuwa akikaa kiti cha pembeni mwa Keziah tangu enzi za farasi.

"Mzee Enoch, ule wimbo wa binti wa mferejini. Unaujua?"

"Ule wa Kezi. Naujua, lakini siuimbi. Kila mtu na wake. Mimi nina wa farasi kipofu. Ukiimba wa mwenzio hapa, hata bia hupewi." Akamtazama chini ya kofia. "Ninyi mmeuimba. Nimeusikia kwa mjukuu wangu, kwenye ile sahani."

"Ndiyo."

"Aliwapa?"

"Alituimbia."

"Hilo silo nililouliza, mama."

Enoch akanywa kidogo, akafuta povu mdomoni.

"Na mwisho mmeuacha wapi? Maana mimi nilisubiri. Nikamwambia mjukuu, mbona haumalizi? Akasema, babu, ndivyo zinavyoisha siku hizi, zinafifia. Zinafifia! Nikamwambia zima hilo dubwana. Wimbo hauachwi wazi namna hiyo. Ukishauimba unaushusha chini. Unasema. Huimbi, unasema kwa mdomo wako wa kila siku, ili aliyeamshwa ajue kwamba kumekwisha."

"Keziah alikuwa akisema nini?"

"Sijui."

"Mzee, ulikaa naye miaka yote hiyo!"

"Nilikaa kushoto kwake. Na sikio langu la kulia lilikufa jeshini," Enoch alisema kwa hasira, kana kwamba Tamsin ndiye aliyelipua bomu lililoliua. Kisha akalainika. "Hata ningesikia nisingekusaidia. Maneno yale si ya wimbo, ni ya mwenye wimbo. Mama yake Kezi alikuwa na yake, Kezi akaja na yake. Ni kama kumuaga mgeni aliyekuja kwako. Mimi nitakufundishaje namna ya kuagana na mgeni wako? Nenda kwa Kezi, kama bado ana akili. Akikupa wimbo, utakuwa wako. Asipokupa..." Akageukia bia yake.

Katika nyumba ya wazee, Keziah alikuwa kitandani dirishani, nusu ya uso imelegea. Tangu Desemba alikuwa hajatamka neno. Muuguzi alimwambia Tamsin aongee naye tu, huenda anasikia. Tamsin akavuta kiti, akamweleza kila kitu, tangu kitufe cha Ivor hadi majini. Bibi alimtazama kwa jicho lile zima bila kupepesa. Kisha mkono wake mzuri ukatambaa juu ya shuka ukashika chuma cha kitanda, akafumba macho, na Tamsin akasikia wimbo.

Alishtuka karibu aanguke. Mtu asiyeweza kuomba maji aliimba mhunzi, akaimba msaga unga, akaimba mama, neno kwa neno, sauti imekwaruza lakini haikupotea njia hata mara moja. Muuguzi alisimama mlangoni na sinia mkononi, kinywa wazi. Wimbo ukafika pale binti amesimama kwa mama yake. Keziah akanyamaza, akafumbua macho, akataka kusema.

"Ta," alisema. "Ta. Ta. Ta."

Kuimba aliachiwa, kusema kulikuwa kumechukuliwa. Shingo yake ilikakamaa kwa nguvu za kutafuta, machozi yakamtoka jicho moja. Na nyuma ya kitanda, kwenye kioo cha dirisha, ghorofa ya pili, kitu kikabisha.

Muuguzi akasema ni tawi. Hapakuwa na mti upande ule.

Keziah akauchukua mkono wa Tamsin akauweka kwenye koo lake mwenyewe, ukakaa hapo, Tamsin akihisi mshipa unavyopiga. Kisha akautoa, akauweka kwenye koo la Tamsin. Akafunga midomo yake kwa vidole viwili, akageuka kuutazama ukuta.

"Shangazi, nimwambie nini?" Tamsin alimsihi. "Shangazi Kezi?"

Bibi hakugeuka tena.

Jioni hiyo Tamsin alimwambia Judd aende nyumbani. Judd alikataa, wakakubaliana akae ndani ya lori lake barabarani, taa zikiwa zinawaka. Tamsin alikomea mlango, akamkalisha Ivor mezani, akakaa kati yake na mlango. Giza likashuka. Mlango ukabishwa.

Ivor aliinuka. "Kaa," Tamsin alisema, na kwa kuwa hakukaa, alimzunguka kiuno kwa mkono mmoja, kwa mwingine akashika ukingo wa meza, akaanza kuimba.

Aliuimba ule wa Keziah, polepole, bila kuufupisha, siyo ule wa sahani. Kwa mhunzi aliimba peke yake. Kwa msaga unga akasikia sauti ya pili imejipenyeza chini ya yake, kutoka upande wa pili wa ubao wa mlango, ndogo, inayogugumia kama maji kwenye mtungi. Ilikuwa inaujua wimbo kuliko yeye. Alipokosea mahali, ile haikukosea, ikamngoja. Ivor aliacha kumvuta. Alikuwa anasikiliza, kichwa kimeinama upande, anatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililomtisha Tamsin kuliko vyote.

*Maji haya yana baridi, nifungulie.*

Wimbo ukafika mwisho. Sauti ya nje ikanyamaza pamoja naye. Haikuondoka. Ilisubiri, na Tamsin alihisi kusubiri kule, kumeegemea mlango kwa uzito wake wote.

Alikuwa amefikiria maneno njia nzima. Nenda zako. Tuache. Kwa jina la Bwana. Sasa aliyaona yote ni ya kumfukuza mtu, na huyu ameshafukuzwa na mhunzi, na msaga unga, na mama yake. Akatoa mkono mezani. Akasema, kwa ile sauti yake ya kuulizia bei ya maziwa:

"Umefika, mwanangu. Hakuna mlango mwingine, huu ndio wa mwisho. Mimi nimekutambua. Huyu ni mume wangu, sikupi, lakini wako wapo, wamelala wanakusubiri. Haya, kumekwisha. Nenda ukalale."

Halafu, karibu sana na tundu la ufunguo, kitu kilivuta pumzi ndefu, kama mtoto aliyelia hadi akachoka. Halafu nyayo juu ya changarawe, zilizolowa, zisizo na haraka, zikielekea mferejini. Judd alisema baadaye kwamba hakuona chochote mbele ya taa zake, ila changarawe zilivyokuwa zikigeuka nyeusi moja moja.

Ivor alikaa chini. Akatazama mikono yake, akatazama meza. "Hii chai imepoa," alisema. "Nani kaiacha?" Na Tamsin akamshika miguu, ikawa ya moto, akalia hadi akapaliwa.

Walidhani kumekwisha. Waliyachukua maboksi ya sahani yaliyobaki, Judd akayapondaponda kwa lori lake. Lakini zile sahani zilizokwisha kununuliwa zilikuwa huko zilikokuwa, kwa watu ambao majina yao hakuna anayeyajua, na kila mmoja wao alikuwa akikaa chumbani kwake siku akijisikia, anaweka sindano, anamwamsha yule binti, anamwacha njiani. Tamsin alilielewa hilo baada ya wiki kadhaa. Mlango ulibishwa jioni moja mara moja, akasema maneno yake. Jioni nyingine haukubishwa. Jumamosi moja ya mvua, watu walipokaa majumbani, ulibishwa mara nne. Ni hapo alipoanza kushukuru kwamba Koti la Mjomba halijulikani.

Mwezi wa Machi simu ikalia. Alikuwa mtu wa redio, kutoka London, mwenye kipindi kinachosikika nchi nzima. Mtu fulani alimpa sahani, na wimbo ule haumtoki kichwani. Anataka kuupiga Ijumaa. Ivor alisikiliza huku masikio yakimwiva. Maisha yake yote aliingoja simu hiyo.

"Tumeurekodi upya," alimwambia. "Tutakuletea huo. Mwishoni mke wangu anasema maneno machache."

"Nimeelewa, nimeelewa. Ila maneno kama hayo yanaua mdundo, rafiki yangu. Tutayakata hapo. Ule unaofifia ndio wenye uchawi. Watu milioni watausikia, unanielewa? Milioni."

Ivor aliziba simu kwa kiganja, akamtazama Tamsin. Tamsin hakumwomba kitu. Alikuwa amesimama na kisu cha siagi mkononi, rangi imemtoka, anautazama mlango wao, ubao wa msonobari tu, komeo moja.

"Basi usiupige," Ivor alisema kwenye simu. "Nitakuandikia, na usipokubali nitakuja mwenyewe kukuomba. Usiupige kabisa." Akaiweka chini taratibu, akabaki ameishikilia kwa muda, kama mtu anayehakikisha kitu kimekufa.

Akarudi mezani. Hakuwa na hamu ya mkate, lakini alikula.

Nje giza lilikuwa limeingia. Mlango ukabishwa, kwa adabu, mara moja tu.

"Msikilizaji mmoja," Ivor alisema.

"Mmoja," Tamsin aliitikia, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kumwimbia.